Deni la Muuzaji, Deni la Mnunuzi

Wengi wetu tuna ndugu, rafiki au mwanafunzi wa zamani aliyekwenda kuishi ng'ambo. Habari zake za kwanza huwa za mambo makubwa: baridi, kodi ya nyumba, vibali vya ukaazi, kazi. Baada ya miezi michache huja habari ndogo, na aghalabu huja kwa sura ya malalamiko. Aliyeko Ujerumani husema: "Watu wa huku hawana utu. Nimeingia dukani, nimelipa, nimetoka. Yule aliyepokea fedha hakuniuliza hata hali." Aliyeko Marekani hulalamika kinyume chake: "Huku kila duka huniuliza hali, lakini hakuna angojaye jibu." Aliyeko Ufaransa husimulia jinsi alivyoingia duka la mikate, akataja mkate autakao, na mwenye duka akamjibu kwa neno moja tu la salamu, kwa sauti kavu, kana kwamba anamkumbusha mtoto adabu. Na aliyeko Japani hustaajabu kwamba aliacha fedha kidogo mezani kwa ajili ya mhudumu wa mkahawa, na mhudumu yule akamkimbilia hadi barabarani kumrudishia.

Ni rahisi kuyacheka mambo haya, au kuyafunga kwa hukumu ya haraka kwamba Wazungu ni watu baridi, Wamarekani ni wanafiki, na sisi ndio wenye utu. Hukumu hiyo haisimami, kama nitakavyojaribu kuonyesha. Nyuma ya kila lalamiko mna swali la maadili lililo la kale kama soko lenyewe: zaidi ya bidhaa, muuzaji ana deni gani kwa mnunuzi? Na zaidi ya fedha, mnunuzi ana deni gani kwa muuzaji? Kila taifa limejibu swali hili kwa njia yake, na mhamiaji hukutana na jibu hilo kila siku, muda mrefu kabla hajaisoma katiba ya nchi ile.

Maneno yetu matatu

Sisi walimu wa lugha hupenda kuanza na maneno, kwa sababu maneno huhifadhi fikira za waliotutangulia. Muuzaji wetu husema "Karibu". Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kutokuwa mbali. Muuzaji hasemi "Nunua", asema "Sogea". Anamchukua mnunuzi kama mgeni, na mgeni ana haki zake hata asiponunua kitu. Neno la pili ni "mteja". Leo twalitumia kwa kila mnunuzi, lakini kamusi za zamani hulieleza pia kuwa ni mgonjwa aliye katika uangalizi wa mganga. Mteja wa namna hiyo si mpita njia. Ni mtu aliyejikabidhi kwa mwingine, akamwamini katika jambo asilolijua mwenyewe. Neno la tatu ni "huduma", nalo lina mzizi mmoja na "hadimu", yaani mtumishi. Hapa mnunuzi si mgeni wala mgonjwa. Ni bwana, na muuzaji ni mtumishi wake kwa muda ule.

Mgeni, mtu aliyejikabidhi, bwana: haya ni mahusiano matatu yaliyo mbalimbali kabisa, na lugha yetu imeyaweka yote katika duka moja. Si ajabu basi kwamba mataifa nayo yametofautiana, kila moja likishika uhusiano mmoja zaidi ya mwingine.

Tena adabu haikai mahali pamoja katika lugha zote. Mwanafunzi wetu wa Kampala akifika Dar es Salaam au Unguja na kusema "Nipe chai", hutazamwa kwa mshangao, kwa kuwa huko mnunuzi husema "Naomba chai". Je, Mganda hana adabu? La. Katika Kiganda yeye hulilainisha ombi kwa kiambishi kidogo mwishoni mwa kitenzi, akasema "mpaako" badala ya "mpa", na humwita mwenzake "ssebo" au "nnyabo". Anapolifasiri ombi lake kwa Kiswahili, kiambishi kile hudondoka njiani, na adabu yake hudondoka nacho. Mjerumani huiweka adabu katika hali ya kitenzi: hasemi "nataka mkate", husema "ningependa kuwa na mkate", kisha huongeza neno la kuomba. Mfaransa huiweka mlangoni, katika salamu ya kuingilia; aliyeipita salamu hiyo ameingia nyumba ya mtu bila hodi. Kwa hiyo mgeni asiyeisikia adabu asiharakishe kusema kwamba haipo. Pengine imewekwa mahali ambapo sikio lake halijazoea kusikiliza.

Lakini tukikomea hapo tutakuwa tumesema tu kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake, na mjadala utakuwa umekwisha. Haujaisha. Zipo tofauti ambazo si za desturi pekee, bali ni za haki na dhuluma, nazo hapana budi tuzipime.

Mtoto aliyetumwa dukani

Mwaka 1776 Mskoti Adam Smith alifundisha kuwa soko halihitaji wema wa moyo ili liwalishe watu. Latosha kila mmoja kufuata faida yake. Miaka 9 baadaye, mwaka 1785, Mjerumani Immanuel Kant aliandika kitabu juu ya misingi ya maadili, na humo akatoa mfano wa muuza duka asiyempunja mnunuzi asiye na uzoefu. Muuza duka huyo ana bei moja kwa watu wote, hata mtoto akitumwa kwake hununua sawasawa na mtu mzima. Je, aliuliza Kant, mtu huyu atenda hivyo kwa sababu ni wajibu, au kwa sababu sifa ya uaminifu humwongezea wanunuzi? Ikiwa ni kwa ajili ya faida, tendo lake ni sahihi, lakini halistahili sifa ya wema. Sisi husema "Biashara haigombi", na methali hiyo yamfaa sana muuza duka wa Kant: yamshauri auzuie ulimi wake, lakini haisemi kwamba ampende mnunuzi.

Jambo la bei moja lilikuwa limekwisha kuzungumzwa Uingereza zaidi ya miaka 100 kabla ya Kant. Waumini wa madhehebu ya Marafiki, waitwao pia Quaker, walioongozwa na George Fox katika karne ya 17, walikataa kupatana bei. Hoja yao ilikuwa ya dini: anayetaja bei asiyokusudia kuipokea amesema uongo. Mwanzoni walipoteza wanunuzi, kwa maana watu waliwaona wakavu na wagumu. Baadaye watu waligundua kwamba kwa Marafiki hata mtoto aweza kutumwa bila hofu, na biashara zao zikastawi. Madhehebu hayo si mageni kwetu: misheni yao ilianza Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ina wafuasi wengi wa Marafiki kuliko nchi nyingine yoyote. Katika karne ya 19 desturi ya bei moja ilitoka katika dini ikaingia katika maduka makubwa. Huko Paris, Aristide Boucicaut, aliyeingia ubia katika duka la Le Bon Marché mwaka 1852, alisaidia kueneza bei zilizobandikwa wazi, ruhusa ya kuingia na kutazama bila kulazimika kununua, na haki ya asiyeridhika kurudisha kitu.

Tukiyajua haya, duka kavu la Ujerumani lachukua sura nyingine. Karatasi ndogo ya bei iliyobandikwa kwenye bidhaa, ambayo mhamiaji huiona kuwa alama ya ubaridi, ilikuwa wakati wake ushindi wa maadili. Yasema: hapa hatutakuuliza wewe ni nani, umetoka wapi, umevaa nini, wala lugha yetu waijua kwa kiasi gani. Mgeni aliyeshuka jana kutoka Bujumbura hulipa sawa na mwenyeji aliyezaliwa mtaa uleule. Kwa mtu asiye na ndugu wala lugha, hiyo si zawadi ndogo.

Sasa tujitazame sisi. Katika masoko yetu bei huzaliwa katika mazungumzo. Muuzaji hutaja, mnunuzi hushtuka, muuzaji huapa, mnunuzi huondoka hatua tatu na kurudi, na mwishoni wote wawili hucheka. Mna uhai katika jambo hili, na mna utu: watu wawili wametazamana usoni. Kisha huja nyongeza, ambayo Waganda huiita enyongeza na ndugu zetu wa Kongo huiita matabishi. Fungu lile dogo juu ya kipimo, lisilodaiwa, lisemalo kwamba biashara imekwisha na ujirani unaendelea. Lakini tuseme kweli: katika mazungumzo hayo ni nani hushindwa daima? Ni mtoto aliyetumwa, mgeni wa lugha, kijana aliyetoka shamba. Twayo hata maneno yake: "bei ya mgeni". Mtu aweza kupunjwa huku akiitwa ndugu, akakaribishwa kiti, na kuulizwa habari za nyumbani. Maneno matamu hayakifanyi kipimo kilichopungua kiwe sawa.

Upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa. Bei iliyopandishwa kwa mgeni ndiyo hiyo hiyo iliyoshushwa kwa mjane. Muuzaji wa soko letu humjua mama aliyefiwa, na siku hiyo kipimo hufurika bila maneno. Mwenye duka la mtaani ana daftari la madeni, na ingawa ukutani ameandika "Kukopa harusi, kulipa matanga", bado hukopesha unga hadi mwisho wa mwezi. Karatasi ya bei haiwezi kufanya hivyo. Haipandi kwa dhuluma, wala haishuki kwa huruma. Katika nchi za bei moja, huruma imehamishwa kutoka dukani ikapelekwa kwingine: katika ofisi za serikali zinazotoa msaada kwa wasio na kipato, na katika vyama kama vile Tafel, kilichoanzishwa Berlin mwaka 1993, vinavyokusanya chakula kisichouzwa madukani na kuwagawia wenye shida. Mhamiaji aliyezoea kuikuta huruma kaunta ya duka hudhani kuwa haipo kabisa, kumbe ina mlango wake na saa zake.

Tabasamu la amri

Tukija Marekani twakuta tatizo jingine. Huko bei ni moja, na juu ya bei moja pamewekwa tabasamu. Mhamiaji hulifurahia wiki ya kwanza, na wiki ya nne huanza kuliita unafiki. Je, ni unafiki?

Kabla ya kujibu, tuzikumbuke salamu zetu wenyewe. Mtu huulizwa "Habari?" naye hujibu "Njema", hata kama jana alizika. Kisha huendelea: "Njema, ila mtoto hajambo kidogo tu." Neno la kwanza si ushahidi mahakamani, ni mlango. Kwa hiyo hatuwezi kumshitaki Mmarekani kwa kuwa na salamu isiyo ya kweli kwa herufi zake. Tofauti iko katika kile kinachofuata. Baada ya "Njema" yetu kuna nafasi ya "ila", na muulizaji yupo bado, anangoja. Kinachotolewa hapo ni wakati, na tabasamu ni dogo kuliko wakati. Mahali ambapo mwenye duka amemlipa mfanyakazi kwa saa, na nyuma ya mnunuzi kuna watu kumi, wakati haupo wa kutoa. Hivyo hutolewa kilicho rahisi zaidi, yaani uso.

Tatizo la kweli lazuka pale uso huo unapoamriwa. Mwaka 1983 mwanazuoni wa Marekani Arlie Hochschild alichapisha utafiti wake juu ya wahudumu wa ndege. Alionyesha kwamba kampuni haikununua nguvu za mikono yao tu; ilinunua pia hisia zao, ikawafundisha kuzuia hasira na kuonyesha ukunjufu kwa abiria, hata aliyewatukana. Akawatazama pia watu wa kudai madeni, ambao walifundishwa kinyume: kukunja uso na kutisha. Katika kazi zote mbili moyo umekodishwa. Mkulima aliyechoka mikono hujua kwamba mikono imechoka. Aliyechoka kwa kutabasamu hurudi nyumbani asijue kama furaha aliyobaki nayo ni yake au ya mwajiri.

Kampuni ya Walmart ilipoingia Ujerumani mwaka 1997, ilikwenda na desturi zake: wafanyakazi wa kuwalaki wanunuzi mlangoni, na ukunjufu wa uso uliotakiwa kwa kila mtu. Wajerumani wengi hawakupendezwa. Wapo walioliona tabasamu la mtu wasiyemjua kuwa ni kuingiliwa. Kampuni hiyo iliuza maduka yake na kuondoka mwaka 2006. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, na ushindani wa maduka ya bei nafuu ulikuwa mkubwa kati ya hizo. Lakini kisa hiki chatufundisha kwamba ukarimu wa amri hausafirishwi kama shehena.

Lipo pia jambo la bahashishi. Katika mikahawa ya Marekani mnunuzi hutarajiwa kuongeza asilimia 15 hadi 20 juu ya bei. Mhamiaji huliona kuwa wizi, au hulisahau, akaitwa bahili. Ukweli ni mchungu zaidi. Sheria ya nchi nzima yaruhusu mwajiri amlipe mhudumu apataye bahashishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991, mradi bahashishi zimfikishe kwenye kima cha chini cha kawaida, ambacho ni dola 7.25 tangu mwaka 2009. Baadhi ya majimbo, kama California na Washington, yamekataa mpango huo. Mengi bado yanaufuata. Mizizi yake ni ya zamani. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, kampuni ya George Pullman iliwaajiri watu weusi waliotoka utumwani kuwahudumia abiria katika mabehewa ya kulala. Mshahara ulikuwa mdogo, na sehemu kubwa ya riziki yao ilitegemea viganja vya abiria. Abiria waliwaita wote "George", jina la mwenye kampuni, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Wafanyakazi hao waliunda chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na mwaka 1937 wakapata mkataba na kampuni.

Hapa ndipo tabasamu na mkate vilipofungwa pamoja. Mhudumu asiyetabasamu hali. Atakayesema kwamba uso wa mtu huyo ni wa unafiki na amwangalie vizuri: kama kuna unafiki, uko kwa yule aliyeipanga njaa yake iwe chemchemi ya ukunjufu wake. Mhudumu wa Japani anayekimbilia kurudisha fedha zilizoachwa mezani anasema jambo ambalo lapasa kusikilizwa: kazi yangu imekwisha kulipwa, nami nimeifanya vema kwa sababu ni kazi yangu.

Mteja si mungu

Hata hivyo Japani nayo si pepo ya wahudumu. Ni nchi ambayo mnunuzi huinamiwa mlangoni, fedha zake huwekwa katika kisahani, na risiti hukabidhiwa kwa mikono miwili. Mnyarwanda au Mrundi, ambaye amelelewa kumkabidhi mtu kitu kwa mikono miwili au kwa kuushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, huona huko kitu cha nyumbani. Lakini heshima ikikosa mpaka hugeuka kuwa mzigo. Mwaka 1961 mwimbaji Minami Haruo alieneza usemi kwamba mteja ni mungu. Yeye alimaanisha kuwa msanii yapasa asimame jukwaani na moyo safi, kana kwamba yuko mbele ya madhabahu. Wanunuzi wakakipokea kile walichokipenda, wakaona wamepewa uungu. Matusi, vitisho na kulazimishwa kupiga magoti vilizidi hata neno maalumu likabuniwa kwa udhalimu wa wateja. Hatimaye Baraza la Tokyo lilipitisha sheria ndogo mwezi Oktoba 2024, ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2025, kuwakataza wateja kuwanyanyasa wafanyakazi. Sheria hiyo haikuweka adhabu. Ilitangaza tu kwamba aliye nyuma ya kaunta naye ni mtu. Ni ajabu kwamba jambo hilo lilihitaji kutangazwa.

Magharibi nako kulikuwa na usemi wa namna hiyo hiyo. Wapo wanaomhusisha César Ritz, mwenye hoteli, na wapo wanaomhusisha Harry Gordon Selfridge, aliyefungua duka lake London mwaka 1909, na kanuni kwamba mteja hakosei kamwe. Kama kanuni ya kumzuia muuzaji asimpuuze mnunuzi, ina kheri yake. Kama maelezo juu ya binadamu, ni uongo. Hakuna binadamu asiyekosea, na anayeambiwa kila siku kwamba hakosei hujifunza ubaya haraka.

Kipo kipimo kingine ambacho mhamiaji hukutana nacho Jumapili ya kwanza, anapokuta maduka ya Ujerumani yamefungwa naye hana chumvi. Ulinzi wa siku ya mapumziko uliandikwa katika katiba ya nchi hiyo ya mwaka 1919 na ukaingizwa katika Sheria ya Msingi ya mwaka 1949. Sheria ya mwaka 1956 ilifunga maduka saa kumi na mbili unusu jioni siku za kazi, na saa nane mchana siku ya Jumamosi. Saa hizo zililegezwa baadaye, na tangu mwaka 2006 kila jimbo laweza kuamua saa zake. Lakini Jumapili maduka mengi yamebaki yamefungwa. Mnunuzi huona usumbufu. Muuzaji huona chakula cha mchana na watoto wake.

Kinyume cha hali hiyo twaweza kukiona katika historia iliyoanzia kwetu. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Karibu watu 28,000 walikwenda Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasiende huko. Wengi wakaenda, na mji ule leo wajulikana kwa biashara zao. Wengine miongoni mwao walinunua maduka madogo ya pembeni mwa mitaa, wakayafungua alfajiri na kuyafunga usiku, katika nchi ambayo wenye maduka wengi walikuwa wakifunga jioni mapema. Desturi ya duka la Jinja au Mbale, la kugongewa mlango usiku kwa ajili ya kibiriti, ikawa faraja ya mitaa ya Uingereza. Wateja walisifu huduma ile. Wachache walijiuliza ililipwa na nani. Ililipwa na familia nzima: mama aliyesimama kaunta saa 14, na mtoto aliyefanyia kazi zake za shule juu ya maboksi ya biskuti. Wale walikuwa wamepoteza kila kitu, na walifanya hivyo kwa ushujaa. Lakini ushujaa wa aliyebanwa si kanuni ya kuwadai watu wote.

Yatupasayo

Sasa twaweza kulijibu swali tulilolianza nalo. Deni la kwanza la muuzaji ni haki: kipimo kamili, bei isiyotegemea ujinga wa mnunuzi, na ukweli juu ya kitu anachokiuza. Deni hili halina mpaka wa nchi, na kipimo chake ni mtoto aliyetumwa dukani na mgeni asiyejua lugha. Wakitoka salama, duka ni la haki, hata kama hakuna aliyecheka. Wakitoka wamepunjwa, duka ni la dhuluma, hata kama waliitwa ndugu. Katika deni hili sisi tuna mengi ya kujifunza kutoka kwa wale tunaowaita watu baridi.

Deni la pili ni kutambua kwamba aliyesimama mbele yako ni mtu. Deni hili ni la wote wawili, nalo ndilo mnunuzi hulisahau. Salamu, jicho, neno la kuomba, mkono usiotupa fedha mezani: hivyo ndivyo vinavyodaiwa, wala havigharimu kitu. Mhamiaji anayelalamika kwamba hakusalimiwa na ajiulize kama yeye alisalimu. Na kila mmoja wetu, akiingia duka kubwa la Kampala, Nairobi au Kigali, ajiulize kama anamwona yule binti wa kaunta aliyesimama tangu asubuhi, au aiona mashine ya kupokelea fedha.

Lakini furaha, ukunjufu na upendo si deni. Ni nyongeza. Muuzaji wa soko letu hujaza fungu juu ya kipimo kwa hiari yake, na kwa sababu ni hiari, ina utamu. Siku ambayo nyongeza itaandikwa katika mkataba, ikapimwa na kukaguliwa, itakuwa kipimo cha pili tu, na mwenye kuitoa atakuwa amenyang'anywa kitu alichokuwa nacho cha kutoa. Katika miji yetu waajiri wameanza kuwafundisha vijana tabasamu la amri, nao huliita maendeleo. Tuwafundishe kwanza mizani iliyo sawa, tuwalipe mshahara wa kutosha, tuwape kiti cha kukalia. Tabasamu watalileta wenyewe, au hawatalileta, na katika hali zote mbili hawatakuwa wametukosea.

Kwetu sisi walimu kazi haiko mbali. Tunapomfundisha mwanafunzi mazungumzo ya dukani, tusiishie kwenye majina ya vyakula na hesabu za chenji. Tumweleze kwa nini mtu wa pwani husema "Naomba" ingawa anazo fedha mkononi. Anazo fedha za sukari; hana fedha za kumnunua muuzaji. Kwa hiyo sukari huilipia, na mtu humwomba.